Tundu la Shingoni kwa Mtoto: Asili Yake na Tiba Yake
Mada ya afya ya mtoto kwa wakazi wa kata



Wapo watoto wanaozaliwa na kitundu shingoni, kidogo mfano wa kichwa cha pini. Kwa miezi au hata miaka hakiumi. Hutoa majimaji yenye utelezi, ambayo mama huyafuta akidhani ni mate. Siku kikiingiwa na vijidudu, shingo huvimba, homa hupanda na usaha hutoka. Hapo ndipo maneno huanza: wengine husema ni husuda, wengine humlaumu mama kwa alichokula akiwa mjamzito. Ukweli ni mwingine.

Wengi hulijua neno fistula kwa maradhi yawapatayo wanawake baada ya uzazi pingamizi. Hii ya shingoni haihusiani na hayo, wala haiambukizi. Asili yake ni tumboni.

Katika wiki ya nne ya mimba, shingo ya kiinitete huanza kujengwa kwa matuta yaliyopangana, yaitwayo matao ya koromeo. Baina ya tuta na tuta hupita mfereji. Tuta la pili hukua upesi likayafunika yaliyo chini yake, na mifereji ile hufukiwa na kutoweka. Mfereji usipofukika, mtoto huzaliwa na njia. Kwa kawaida tundu lake huonekana upande mmoja wa shingo, sehemu ya chini. Njia hupanda kati ya mishipa mikubwa ya damu iendayo kichwani, na huweza kufika kwenye mafindofindo.

Aina ya pili hukaa katikati ya shingo. Tezi ya thairoidi huanzia kwenye shina la ulimi, kisha hushuka hadi mbele ya koo. Njia iliyopitia isipofungika, uvimbe huweza kutokea, nao hupanda mtoto amezapo au atoapo ulimi. Uvimbe huo ukipasuka wenyewe au ukitumbuliwa, ndipo tundu hupatikana.

Kutumbua jipu hutoa usaha, hakuondoi njia. Ndiyo maana ugonjwa hurudi. Dawa za kuua vijidudu hutuliza uvimbe kwanza, kisha daktari mpasuaji huiondoa njia yote. Kwa ile ya katikati, hukatwa pia sehemu ya kati ya mfupa wa haioidi, ulio chini ya ulimi, kwa kuwa njia imeshikamana nao. Utaratibu huo ulielezwa mwaka 1920 na Walter Sistrunk, mpasuaji wa Marekani, na hutumika hadi leo. Kabla yake, kipimo cha altrasaundi huthibitisha kwamba tezi ipo mahali pake.

Basi wazazi wasilikamue tundu, wasiingize kijiti wala dawa ya majani, na wasikubali lichanjwe mtaani, maana mishipa mikubwa i karibu. Mtoto apelekwe zahanati au kituo cha afya mapema, kabla halijavimba, ili apewe rufaa. Akihema kwa shida au akishindwa kumeza, apelekwe hospitali mara moja. Mwenye vitundu pia mbele ya masikio, asiyesikia vizuri, au mwenye ndugu wa hali hiyo, apimwe usikivu na figo.

Mama hana kosa katika jambo hili. Mtoto anayo tiba.