Jani Moja Latosha
(Maneno kwa wanachama, Temeke)

Ndugu wanachama, yale maua madogo ya zambarau ya Usambara ni ya kwetu. Mwaka 1892 Mjerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake mbegu. Sasa yanauzwa dunia nzima, na kwao misitu inakatwa. Basi tusinunue mashina yaliyong'olewa porini.

Kata jani lililokomaa pamoja na kikonyo chake, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kopo liwe limetobolewa chini. Weka kivulini penye mwanga. Maji kidogo tu! Mimi la kwanza liliniozea hivi hivi. Subiri miezi miwili, hata zaidi, vitoto vitachipua kwenye kikonyo.

Shina la mama lipo pale mlangoni. Kila mtu jani moja, jamani, tusilinyonyoe.