Maganda ya Korosho, Chuo Kikuu na Vyama vya Msingi



Mkulima wa Masasi na Newala huuza korosho ghafi kwa kilo. Katika kila kilo 100 anazouza, takriban kilo 70 ni ganda. Sehemu kubwa ya korosho hizo husafirishwa India na Vietnam, na ganda huenda nazo. Hivyo mkulima huuza kuni zake pasipo kuzihesabu, kisha akina mama huzifuata nyingine porini.

Ganda hilo si takataka. Lina mafuta mazito, yapata robo ya uzito wake. Lakini mafuta hayo huunguza ngozi, na moshi wake hudhuru macho na kifua. Ganda halifai kutiwa jikoni lilivyo. Hukamuliwa kwanza, ndipo mashudu yake huchomwa katika tanuri lenye dohani na kuchemshia maji ya kiwanda cha kubangulia. Hapo ndipo mtaalamu anapohitajika. Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imeyachunguza mafuta hayo kwa miaka mingi, na Kituo cha Utafiti cha Naliendele kinaujua mkorosho wenyewe.

Hata hivyo, mtaalamu naye humhitaji mkulima. Gesi ya samadi ilienezwa kutoka Arusha katika miaka ya 1980, penye ng'ombe wa zizini. Katika Uwanda wa Makonde ng'ombe ni wachache, na maji hupandishwa kwa mitambo kutoka mabondeni. Anayelijua hilo ni mwenyeji.

Historia nayo inafunza. Viwanda vya korosho vilijengwa katika miaka ya 1970, Masasi na Newala vikiwemo. Lakini mazao ya nchi yalishuka kutoka tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Sababu mojawapo ni kwamba wakulima walihamishiwa vijiji vilivyokuwa mbali na mikorosho yao. Mitambo ilikuwapo, korosho hazikuwapo.

Kwa hiyo chama kinachokusudia kushirikiana na chuo kizingatie mambo matatu. Kwanza, mapatano yaandikwe na kupitishwa na Mkutano Mkuu, yakitaja mwenye mali ya tanuri na mashine baada ya utafiti kwisha. Pili, matokeo yarudishwe chamani kwa Kiswahili na kusomwa mbele ya wanachama, hata yakiwa mabaya. Tatu, vijana wa chama wafundishwe kutengeneza mitambo hiyo, na fedha za vipuri zitengwe tangu mwanzo.

Katibu naye apime: maganda kilo ngapi, kuni mizigo mingapi iliyookolewa. Mtafiti ataondoka na maandishi yake. Chama kibaki na yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ganda la korosho ni mali.