Mtoto Amepona, Nani Atamuuliza Hali?

Nakuomba umfikirie kijana wa bodaboda, umri miaka 22. Mgongo unamuuma. Anasimama duka la dawa, ananunua diklofenaki, anameza, anarudi barabarani. Tumboni ana kovu refu. Nyumbani waliwahi kumwambia kwamba utotoni alipasuliwa uvimbe, basi. Hajui kwamba ule uvimbe ulikuwa saratani ya figo, kwamba figo moja iliondolewa, na kwamba vidonge anavyomeza kila wiki vinaweza kuiumiza hiyo iliyobaki. Karatasi za hospitali alizotunza mama zililiwa na mchwa.

Kijana huyu nimemtunga. Hali yake sikuitunga.

Kuokoa maisha bado ni kazi kubwa. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 wapone angalau 60. Naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini kila anayepona anaondoka na mwili uliopita katika tiba kali. Doksorubisini, ile dawa nyekundu ya dripu, inaweza kudhoofisha moyo miaka mingi baadaye. Sisplatini, dawa nyingine ya saratani, inaweza kupunguza usikivu, na mtoto akaitwa mzito wa kuelewa kumbe hasikii mwalimu. Na binti aliyepona saratani ya jicho ya aina ya kurithi, siku akizaa, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu kurithi kasoro hiyo. Macho ya kichanga yapimwe mapema, kabla mboni haijaonyesha weupe. Nani atamkumbusha binti huyo, miaka 20 baada ya kutoka wodini?

Simu inaweza. Ulaya wameunda pasipoti ya waliopona: kumbukumbu ya kila dawa, kipimo chake, na uchunguzi unaotakiwa kufuata. Nasi tuna jambo letu la kujivunia. Kenya, kuanzia 2007, watu waliokuwa wakianza dawa za kufubaza VVU walitumiwa ujumbe mfupi kila wiki. Ujumbe wenyewe neno moja: “Mambo?” Wakajibu “Sawa” au “Shida”. Aliyesema shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Matokeo yalichapishwa 2010: waliotumiwa ujumbe, 62 kati ya 100 walizingatia dawa zao, wasiotumiwa, 50.

Hapo hapakuhitajika simu ya bei, wala intaneti. Kitochi kilitosha. Na siri ilihifadhiwa, maana katika nyumba ambamo simu moja inashikwa na kaka, shangazi na jirani, neno “Mambo?” halimfichui mtu. Programu yoyote itakayobuniwa kwa vijana waliopona saratani ianze na adabu hiyo. Wapo wasiotaka mchumba ajue, na wana haki.

Ila tusidanganyane kuhusu kilicholeta nafuu. Neno “Shida” lilifika kwa mtu, na mtu yule akapiga simu. Wizara ikinunua programu bila kumwajiri muuguzi wa kuipokea hiyo “Shida”, imenunua kimya.

Mzazi unayenisikiliza, ambaye mwanao alitibiwa saratani akapona, usisubiri programu. Rudi hospitali alikotibiwa, omba muhtasari wa tiba: jina la ugonjwa, dawa na vipimo vyake, upasuaji, mionzi. Upige picha, uuhifadhi kwenye simu yako na ya ndugu mmoja unayemwamini. Akishakua, mkalishe chini, umweleze yote, kisha umkabidhi. Ni mali yake.