Ganda la Risasi na Hesabu Yake

Maneno yetu leo ni habari ya kitu kidogo kisichozidi urefu wa kidole, nacho ni ganda la risasi, yaani kile kikopo cha shaba kiangukacho kando ya mpigaji bunduki akiisha kufyatua. Sisi wa Mbweni, Mbweni hii ya Dar es Salaam wala si ile ya Unguja, twajua kuwa watu wengi hukiona kuwa ni takataka, au kwa mwenye bahati ni kitu cha kuuzia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Lakini katika viwanja vya shabaha haliitwi takataka. Huhesabiwa moja moja kama fedha ya serikali, na askari ambaye hesabu yake imepungua maganda mawili huulizwa mpaka aeleze yalikokwenda. Twapenda kueleza sababu, maana sababu hiyo yatuhusu sisi tulio nje ya ua kuliko wale walio ndani.

Kwanza tulifahamu umbo lake. Risasi nzima ina sehemu nne. Iko risasi yenyewe, ile ncha ya madini iendayo kumpiga mtu au mnyama, iko baruti, iko fataki, kikombe kidogo sana kilichobandikwa kitakoni, na liko ganda, linaloshika vyote vitatu pamoja. Msumari wa bunduki hupiga fataki, fataki hutoa cheche, cheche huwasha baruti, na moshi wa baruti husukuma ncha itoke mtutuni. Ganda hutengenezwa kwa shaba nyeupe, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu kadiri ya sehemu 70 na zinki sehemu 30. Madini hayo yalichaguliwa kwa akili, kwa kuwa moto ukiwaka hutanuka na kuziba nafasi yote, moshi usimrudie mpigaji usoni. Kisha hunywea tena kidogo, hata ganda likatoka kwa urahisi. Na hapa tuwaambie wenye tamaa ya shaba: maganda mengi ya bunduki za siku hizi ni chuma kilichopakwa rangi au shaba nyembamba juu tu. Huhangaika nayo mtu siku nzima, na sumaku ya mnunuzi ikamwaibisha.

Sasa tuingie uwanjani. Bendera nyekundu hupandishwa, watu wa njia wajue kuwa shabaha inapigwa. Risasi hutolewa kwa hesabu, na kila mtu huandikiwa alizopewa. Hakuna atiaye risasi bundukini mpaka ameamriwa, na mtutu hauelekezwi po pote ila kwenye shabaha. Ikitokea risasi imekataa kulia, mpigaji hafungui bunduki mara hiyo, maana huenda cheche imechelewa tu. Hungoja, mtutu ukielekea shabaha vile vile, na risasi ile iliyokataa huwekwa mbali na nyingine. Mazoezi yakiisha, watu huinama wakaokota maganda. Ndipo hesabu hufungwa: zilizotolewa lazima zilingane na maganda pamoja na risasi zilizorudishwa. Katika desturi ya majeshi ya Kiingereza, ambayo majeshi mengi ya nchi zilizokuwa chini ya Waingereza yameirithi, kila askari kabla ya kuondoka uwanjani hutamka mbele ya mkubwa wake kwamba hana risasi nzima wala ganda tupu. Ganda tupu nalo limetajwa! Wengi hucheka wakisikia hayo, wakasema ni ubahili wa Wazungu.

Si ubahili. Fikirini mtu aliyepewa risasi thelathini, akapiga ishirini na tano, tano akazitia soksini. Akiulizwa atasema, "Nimezipiga zote." Nani atamkanusha, ikiwa kila risasi ni sauti iliyokwisha kupotea hewani? Ganda ndilo litakalomkanusha. Asiyeweza kuonyesha maganda thelathini hawezi kusema amepiga thelathini. Na kwa sababu hiyo hiyo ganda moja lililookotwa na mtoto wa jirani, akaenda nalo nyumbani kwa mchezo, huharibu hesabu. Na mbaya zaidi, mwizi akiweza kupata maganda nje, ataleta maganda matano ya kuokota mahali pa risasi tano alizoziuza. Risasi tano ni chache kwa askari, lakini kwa jambazi ni maisha ya watu watano. Vile vile tukumbuke tembo wetu. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha tembo kama 109,000 katika Tanzania, na ile ya mwaka 2014 wakabaki kama 43,000 tu. Majangili walikuwa na bunduki, na bunduki pasipo risasi ni fimbo tu.

Tena ganda lina kazi nyingine: laweza kujazwa upya. Mwenye ujuzi hubandua fataki iliyokwisha kuwaka, akatia mpya, akajaza baruti, akaweka ncha, ikawa risasi kamili. Jinsi risasi zinavyokuwa na thamani zikikosekana, pwani yetu yenyewe yaweza kutufundisha. Katika Vita Kuu ya kwanza, Wajeruman wa nchi hii walizuiwa na manowari za Kiingereza wasipate msaada wa kwao. Mwezi wa Aprili 1915 meli yao iitwayo Rubens, iliyojificha kwa jina la Kidenmark, ilifika hata ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikifuatwa na manowari Hyacinth. Ilipigwa mizinga ikazama mahali pasipo kina kirefu. Waingereza waliona imekwisha, wakaondoka. Nao Wajeruman walizamisha watu wakatoa shehena, wakakuta risasi kwa mamilioni zimelowa maji ya chumvi. Hawakuzitupa. Zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa ikakauka, kisha zikafungwa tena, na kwa risasi hizo vita viliendelea. Lo, kazi iliyoje! Afanyaye kazi kama hiyo hawezi kuliita ganda takataka.

Iko sababu ya tatu, nayo twaitaja kwa kifupi. Kitako cha ganda huwa na alama, herufi au tarakimu, zionyeshazo kiwanda na mara nyingi mwaka wa kutengenezwa. Hapa Afrika Mashariki, Shirika la Mzinga huko Morogoro hutengeneza risasi, na Kenya ina kiwanda chake Eldoret. Tena msumari wa kila bunduki huacha kovu lake juu ya fataki, wala bunduki mbili hazifanani sawasawa, kama vidole vya watu. Kwa hiyo mahali palipotendeka uhalifu, ganda lililoanguka ni shahidi asiyehongeka. Tumesikia habari za vijana waliowahi kufika kabla ya polisi, wakaokota maganda ili wawaonyeshe rafiki zao. Walijiona mashujaa, kumbe wamemchukua shahidi wakamtia mfukoni.

Lakini sababu kubwa kwetu walimu ni hii: anayezoea kuokota lililo tupu, siku moja ataokota lisilo tupu. Katika darasa letu mmoja alikuja na ganda amelitoboa, amelivaa shingoni kwa uzi. Tulilitazama, likawa tupu, fataki imepigwa, hapana hatari. Tulimwuliza alijuaje kuwa ni tupu alipoliokota majanini. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, lilikuwa linang'aa." Basi jibu hilo lilitutisha kuliko ganda lenyewe. Kila kitu cha vita hung'aa kikiwa kipya, na kikizeeka hufanana na kipande cha bomba au chupa ya chuma.

Wenyeji wa Temeke hawahitaji kuhadithiwa. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi huko Mbagala lililipuka. Watu zaidi ya ishirini walikufa, nyumba nyingi zikabomoka, na makombora yakaruka yakaanguka viwanjani mwa watu. Hata miaka miwili haijatimia, tarehe 16 Februari 2011, likalipuka la Gongo la Mboto. Watu walikimbia usiku, mzazi huku na mtoto kule, na maelfu wakapata hifadhi katika uwanja wa Uhuru. Katika siku zile zote mbili sauti ilipokoma hatari haikukoma, kwa kuwa vilibaki vitu visivyolipuka, vimelala mashambani na nyuma ya vyoo, na serikali ikawasihi watu wasiviguse bali wawaite askari.

Tena msidhani ni lazima ghala lilipuke. Kwa jirani zetu wa Kenya, jeshi la Uingereza limefanya mazoezi kwa miaka mingi katika nchi ya Wasamburu na Wamasai, penye Archer's Post na Dol Dol. Ni nchi ya malisho. Askari wakiondoka, wachungaji huingia. Watu waliokota vitu vilivyosalia, vikawalipukia mikononi. Wako waliokufa, na wako waliopotewa na mikono au macho. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa watu 228 kadiri ya pauni milioni 4.5. Ni fedha nyingi kutaja, lakini zigawanyeni wenyewe kwa hesabu ya watu, kisha mseme kama mngeuza jicho kwa bei hiyo.

Maneno mawili kwa mafundi wayeyushao shaba. Risasi nzima ikiingia motoni haihitaji bunduki ili ilie. Baruti hushika moto, ganda hupasuka, na vipande vyake hurukia uso wa fundi na wa mtoto avutaye mivukuto. Fundi hujitetea kwamba hutazama kila moja kabla ya kuiweka. Gunia la vyuma vikuukuu hutazamwa hivyo na nani, jua likiwa linatua na mnunuzi anamngoja? Na ncha za risasi wasiziyeyushe kutengeneza vizamisho vya nyavu, kama wavuvi wengine wapendavyo, juu ya jiko la kupikia; maana ndani yake mna madini ya risasi, ambayo moshi na vumbi lake huingia mwilini polepole, na watoto wadogo huumizwa akili zao.

Basi ukikuta kitu kama hicho, usikiguse, usikipige jiwe, wala usikisogeze kwa mti. Rudi kwa njia uliyojia. Weka alama mbali kidogo, tawi au kitambaa, mwingine asikikanyage. Kisha mpe habari mwenyekiti wa mtaa au kituo cha polisi. Mwanafunzi amwambie mwalimu, na mwalimu asimkemee kwa kuwa alipita mahali asipostahili kupita, maana akikemewa leo, kesho atanyamaza.

Yuko mtu atakayetuuliza juu ya risasi ya babu yake aliyekuwa askari wa King's African Rifles, iliyofungwa kitambaa na kuwekwa sandukuni tangu vita vya 1939 hata 1945. Je, imekufa kwa uzee? Haikufa. Baruti iliyohifadhiwa pakavu hukaa miaka mingi sana, na tena Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kuwa na risasi pasipo kibali, hata ikiwa ni urithi. Basi mtu huyo asiitie mfukoni akapanda nayo daladala kuipeleka kituoni. Aiache pale sandukuni ilipo, awatoe watoto chumbani, aende mikono mitupu kuwaita polisi, nao watakuja kuichukua.