Vyumba vya Wageni Katika Shamba Linalolimwa: Kabongo Inahitaji Kibali cha Namna Gani?

Mada hii ya semina yetu inamhusu mkulima wa Kabongo, katika jimbo la Haut-Lomami, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwenye shamba la mahindi, mihogo na michikichi, anayetaka kujenga vyumba vitatu au vinne vya kulaza wageni ndani ya shamba hilohilo bila kuacha kulima. Aombe kibali kwa nani, na anayeombwa atazame nini kabla ya kujibu? Hoja nitakayoitetea ni moja. Kibali kinahitajika, ila kisiwe kibali cha hoteli. Kifungamane na shamba lenyewe: kitolewe karibu na mkulima, kwenye usultani (utawala wa kimila wa mahali), kwa maandishi, baada ya majirani na wenye haki ya kimila kusikilizwa, na kife shamba likiacha kulimwa. Kwa maneno mengine, ardhi itazamwe kwanza, jengo lifuate.

Wapo watakaopinga kabla hatujafika mbali: watalii gani hao watakaofika Kabongo? Hali ya barabara ya kutoka Kamina, makao makuu ya jimbo, inajulikana, na reli ya kwenda Kabalo, iliyokamilika mwaka 1956, haina treni ya kutegemewa. Pingamizi hili lina uzito, na yeyote anayeota hoteli ya ghorofa karibu na Ziwa Boya alisikilize vizuri. Hata hivyo wageni wapo, tena siku zote, ila hakuna aliyezoea kuwahesabu kama watalii. Wapo wafanyabiashara wanaofuata mahindi na mawese, wafanyakazi wa mashirika, wachungaji na mapadri walio safarini, maafisa wa ukaguzi, na wana wa Kabongo wanaoishi Lubumbashi, Kinshasa au Ulaya wanaorudi kwa misiba na harusi. Wapo pia wasomi. Ufalme wa Waluba, ambao wakoloni waliugawa kati ya Kabongo na Kasongo Nyembo, haujaacha kuwavuta: mwanahistoria Thomas Reefe alichapisha historia ya dola hiyo mwaka 1981, na mwaka 1996 Mary Nooter Roberts na Allen Roberts walitayarisha huko New York onyesho kubwa la sanaa ya Waluba, ambamo lukasa, ubao wa shanga unaotumiwa na watu wa chama cha mbudye kusimulia habari za wafalme, ulipewa nafasi ya mbele. Watu wa aina hii wanataka kitanda safi, maji, choo na chakula cha moto. Uchache wao wenyewe ndio unaotetea vyumba vya shambani. Hoteli isiyopata wageni kwa miezi mitano hufungwa. Shamba lenye vyumba vitupu kwa miezi mitano bado linavunwa.

Sheria inasemaje? Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inatamka kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake, hauuzwi wala hauhamishwi. Raia hupewa konsesheni, yaani haki ya kuutumia. Kwa kawaida huanza na mkataba wa kukodi usiozidi miaka 3, ambao ni wa maandalizi. Akishaiendeleza ardhi kama alivyoahidi, ndipo hupata konsesheni kamili na cheti cha usajili. Mkataba hutaja ardhi imetolewa kwa kazi gani, iwe kilimo, ufugaji, makazi au biashara, na kubadili kazi hiyo bila ruhusa ya maandishi ni kuvunja mkataba. Huyo ndiye mkulima mwenye karatasi, naye ni mmoja kati ya wengi. Walio wengi Kabongo wanalima ardhi ya jamii, kwa idhini ya wakubwa wa kijiji na ukoo. Kuhusu hao, kifungu cha 389 cha sheria hiyohiyo kiliahidi kwamba haki zao zitapangwa kwa amri ya Rais. Miongo ilipita, amri haikutoka. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 34, ilisogea mbele kidogo ilipoilinda mali ya mtu au ya jamii iliyopatikana kwa sheria au kwa mila, lakini haikueleza haki ya kimila inathibitishwa vipi mbele ya ofisi ya kadastri.

Tumtazame sasa mkulima wa kila kundi anapojenga kimyakimya, maana wapo wanaosema vyumba vitatu havistahili kusumbua ofisi yoyote. Mwenye karatasi amegeuza sehemu ya ardhi ya kilimo kuwa ya biashara. Siku atakapogombana na mtu mwenye mkono mrefu, kosa hilo litakuwa faili la kwanza kufunguliwa dhidi yake. Asiye na karatasi yuko pabaya zaidi. Alipewa ardhi alime. Mihogo hung'olewa na mahindi huvunwa, na kila msimu wakubwa wa ardhi wanaona kwamba mtumiaji ni yeye lakini ardhi ni ya wote. Nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati na sakafu ya saruji inasema jambo jingine. Majirani wanaisoma kama dai la kudumu, hasa fedha za wageni zikianza kuonekana. Mzee aliyekubali kwa mdomo akifariki, mrithi wake hana sababu ya kukumbuka. Kwa hiyo anayemhurumia mkulima kwa kumwondolea kibali anamwacha bila ushahidi pale anapouhitaji. Kibali kilichoandikwa vizuri humlinda anayekishika kabla ya kumlinda mtu mwingine yeyote.

Tukikubali hilo, tusimtupe kwenye kibali cha hoteli. Kibali cha kujenga kinaongozwa na agizo la waziri la tarehe 26 Juni 2013, na masuala ya mazingira yanaongozwa na sheria ya Julai 2011 pamoja na dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014. Ni maandiko ya maana, lakini yaliandikwa kwa kuwaza mji wenye viwanja na mitaa, na miradi mikubwa inayohitaji uchunguzi wa kitaalamu. Mkulima wa Kabongo akiingizwa humo hujikuta mbele ya ofisi ya ujenzi, ya ardhi, ya utalii, ya mazingira na ya usafi, kila moja na ada yake, na nyingine zinamdai afike Kamina. Hakuna anayehitaji kuelezwa katika chumba hiki jinsi ada halali inavyozaa ndugu zake wasio na risiti. Matokeo yake mwenye fedha hupita na asiye nazo hujenga usiku. Sheria iliyokusudiwa kuwazuia wakubwa huishia kuwazuia wadogo peke yao.

Nchi nyingine zimekutana na jambo hili zamani, na Italia ndiyo iliyolifikiria kwa kina. Sheria yake ya mwaka 1985, iliyobadilishwa na ile ya tarehe 20 Februari 2006, inamruhusu mkulima kulaza wageni kwa sharti kwamba kilimo kibaki kazi kuu ya shamba. Haikuacha sharti hilo lielee hewani. Ukuu wa kilimo hupimwa hasa kwa muda wa kazi, yaani saa zinazotumika shambani zikilinganishwa na zinazotumika kwa wageni, na wageni wasipozidi 10 kilimo huhesabika kuwa ndicho kikuu bila upimaji zaidi. Majengo yanayotumika ni yale yaliyokwisha kuwapo shambani. Sharti hili la mwisho halitufai, kwa sababu mashamba yetu hayana maghala ya mawe yaliyoachwa tupu. Mpaka wa watu 10 unatufaa, maana hata karani wa usultani anaweza kuukagua: anahesabu vitanda. Kenya imetupa kitu kingine. Sheria yake ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inasema ombi lisipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 linachukuliwa kuwa limekubaliwa. Ofisi ikijua kwamba kimya chake ni jibu, haina faida ya kukalia faili.

Tanzania inatuonyesha pande mbili. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, chama cha ushirika cha KNCU kilianzisha Kahawa Shamba, mahali ambapo wageni hulala katika nyumba za mtindo wa Kichaga katikati ya kahawa ya wanachama, na ushirika ndio uliobeba mzigo wa karatasi ambao mkulima mmoja asingeuweza. Huko Karatu, Gibb's Farm lilianza kama shamba la kahawa mwaka 1929 na kupokea wageni kuanzia mwaka 1972; leo wasafiri wengi hulijua kwanza kama mahali pa kulala. Si kosa, kwani bado linalimwa. Ila linatufundisha kwamba wageni wakizoea mahali, uzito huhama polepole, na kibali kilichotolewa mara moja bila kutazamwa tena hakitauona mwendo huo.

Mkaguzi akifika shambani Kabongo atazame nini? Aanze na maji. Mihogo michungu hulowekwa siku kadhaa katika kijito au kidimbwi ili sumu iishe, na maji yale hubadilika rangi na harufu. Mgeni atataka kuoga na kunywa. Kama mwenye shamba atamtengea kisima, je, wanawake waliokuwa wakiloweka mihogo hapo watahamishiwa wapi? Ugomvi wa kwanza utatokea kwenye kidimbwi hicho, mapema kuliko kwenye mpaka wa shamba, na hakuna fomu ya hoteli inayouliza habari zake. Kisha choo: kiko upande gani wa kisima, na mteremko unaelekea wapi? Kisha moto. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, ndicho wakati barabara hupitika na kazi za shamba hupungua, kwa hiyo ndicho wakati wa wageni. Ndicho pia wakati wa kuchoma nyasi. Paa la nyasi lililozungukwa na majani makavu ni hatari kwa anayelala chini yake, na njia ya kukingia moto lazima iwe imefyekwa kabla ya Juni. Matofali nayo huchomwa kwa kuni za msitu unaotoa uyoga na viwavi vya kuliwa. Mkulima aseme atazitoa wapi. Mambo haya manne yanaandikika katika ukurasa mmoja, na yana maana kwa Kabongo kuliko idadi ya vyoo kwa kila ghorofa.

Pingamizi zito zaidi linahusu ngazi ya chini itakayotoa kibali, yaani usultani wenyewe. Inasemwa kwamba ukiuachia usultani kibali, umemwachia mtu mmoja auze ardhi ya wote, na kwamba mwenye nguvu wa Lubumbashi atakuja kupanda ekari mbili za mahindi, aziite shamba, kisha ajenge hoteli nyuma yake. Hofu zote mbili ni za kweli. Dawa ya ile ya kwanza imo ndani ya sheria ya 1973: kabla ya kutoa ardhi ya vijijini lazima ufanyike uchunguzi, mipaka ikaguliwe papo hapo, watu waliokutwa hapo waorodheshwe, na madai yasikilizwe hata yakitolewa kwa mdomo. Tunaweza kuuchukua uchunguzi huo katika umbo dogo: tangazo libandikwe sokoni na kwenye ofisi ya usultani kwa siku 30, kikao kifanyike shambani, majina ya waliosema yaandikwe, na nakala moja ibaki kwa mkulima, moja usultanini, moja kwa msimamizi wa teritori. Mtu mmoja ataona ugumu kuuza kwa siri jambo lililobandikwa sokoni. Tena si jambo jipya: dekreti nyingine ya tarehe 2 Agosti 2014 iliruhusu jamii kupewa misitu ya hadi hekta 50,000, na jamii zetu zikaaminiwa kukaa vikao na kuandika makubaliano. Zikiaminiwa kwa msitu, zinaweza kuaminiwa kwa vyumba vitatu.

Dawa ya hofu ya pili ni masharti ya kibali. Kisiuzwe wala kupangishwa mbali na shamba. Kisiruhusu zaidi ya wageni 10. Kitazamwe upya kila baada ya miaka 3, na swali la kwanza liwe msimu uliopita kililimwa nini na kilivunwa nini. Shamba likilala misimu miwili bila sababu ya ugonjwa au usalama, ruhusa ya kulaza wageni iishe, ingawa nyumba itabaki kuwa makazi ya mwenyewe. Anayetaka hoteli hatalipenda hili, naye aelekezwe kwenye kibali cha hoteli na mzigo wake wote. Pengine itasemwa kwamba sharti la kulima litamfunga mkulima katika umaskini pale wageni wanapolipa kuliko mahindi. Sikubaliani na hoja hiyo. Kabongo hula kinachotoka kwenye mashamba yake, na jimbo la Haut-Lomami, lililozaliwa mwaka 2015, haliwezi kupanga chakula chake juu ya wageni ambao mvua moja ya Novemba inawazuia njiani.

Kifungu cha 204 cha Katiba kinayapa majimbo kazi ya kutoa na kuhifadhi hati za ardhi kwa kufuata sheria za taifa. Bunge la jimbo, huko Kamina, linaweza basi kupokea rasimu ya sheria ya jimbo yenye kurasa mbili au tatu. Ninaiomba semina hii isimalizike kwa azimio la jumla la kuunga mkono utalii. Iteue watu watano, wawili wakiwa wakulima na angalau mwanamke mmoja miongoni mwao, waiandike rasimu hiyo na kuifikisha kwa wabunge wa Kabongo kabla ya mvua za kwanza, ili kiangazi kijacho mkulima wa kwanza aombe akiwa anajua atajibiwa na nani, ndani ya siku ngapi, na kwa ada gani.