Usanifu wa Mstari Nyumbufu wa Uzalishaji wa Taulo za Kike kwa Mfumo wa Vituo Vinavyojitegemea

Utangulizi

Mada hii inajadili namna ya kusanifu mstari wa uzalishaji wa taulo za kike, ambazo nchini Kenya huitwa pia sodo, ili kiwanda kimoja kiweze kutengeneza taulo za ukubwa na unene tofauti bila kununua mtambo mpya kwa kila aina. Suala hili lina uzito wa pekee katika Afrika Mashariki, kwa kuwa Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye bidhaa hii mwaka 2004, na Tanzania ikaiondoa mwaka 2018 kisha ikairejesha mwaka uliofuata. Msamaha wa kodi, basi, waweza kutolewa na kuondolewa, ilhali gharama iliyopunguzwa ndani ya kiwanda hubaki mikononi mwa mzalishaji. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba unyumbufu, yaani uwezo wa mstari kubadili bidhaa kwa haraka na kwa gharama ndogo, hutokana na maungio ya vituo vyake, na hauna budi kuamuliwa mezani kwa msanifu kabla chuma hakijakatwa.

Maana ya vituo vinavyojitegemea

Taulo hupita katika kazi zinazofuatana: kinu cha nyundo huchambua rola ya rojo la mbao lililokaushwa kuwa nyuzi laini mfano wa pamba, ngoma inayovuta hewa huzikusanya nyuzi hizo katika umbo la kiini cha kufyonza, chembe zinazogeuza majimaji kuwa jeli huongezwa, kitambaa kisichofumwa huwekwa juu na plastiki isiyopitisha maji huwekwa chini, vyote vikigandishwa kwa gundi ya moto, kisha taulo hukatwa, hukunjwa na kufungashwa. Katika mitambo ya zamani kazi zote hizo ziliendeshwa na mhimili mmoja mrefu uliogawa nguvu kwa gia na mikanda, hivyo kubadili kipimo kimoja kulilazimu kufungua sehemu nyingi. Katika mfumo unaopendekezwa, kila kituo kina fremu yake na mota yake inayoongozwa na kompyuta, na maungio ya umeme, hewa na mawasiliano ni ya aina moja mstari mzima, kiasi kwamba kituo kinaweza kuondolewa au kuongezwa bila kuvuruga jirani zake.

Mfano wa silinda ya kisu

Silinda ya kukatia yenye mzingo wa milimita 960 hutoa taulo 4 za milimita 240 kwa kila mzunguko, na silinda hiyo hiyo, ikivishwa ganda lenye visu 3, hutoa taulo za usiku za milimita 320. Msanifu aliyechagua mzingo unaogawanyika kwa vipimo vyote viwili amemwachia fundi kazi ya kubadili ganda tu, wakati kompyuta ikirekebisha uwiano wa kasi za mota nyingine. Aliyechagua mzingo kwa kutazama bidhaa moja amekifunga kiwanda kwenye bidhaa hiyo.

Gharama ya kusimama

Mstari unaotoa taulo 400 kwa dakika, ukisimama saa 3 kwa ajili ya kubadilisha ukubwa, hukosa taulo 72,000. Ukisimama nusu saa, hukosa 12,000. Mhandisi Mjapani Shigeo Shingo, aliyefanya kazi na Toyota, alionyesha mwaka 1969 kwamba badiliko la kalibu la saa 4 laweza kushushwa hadi dakika 3, kwa kutenganisha kazi zinazoweza kufanywa mashine ikiwa inazunguka na zile zinazolazimu isimame. Vituo vinavyojitegemea vinarahisisha utengano huo, kwa sababu ganda la visu au tangi la gundi laweza kuandaliwa na kupashwa moto pembeni kabla uzalishaji wa bidhaa ya awali haujakoma.

Mazingira na usafi

Chembe za kufyonza hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa kituo chake kinapaswa kufungwa barabara na kupewa hewa kavu. Kinu cha nyundo nacho hutoa vumbi linaloweza kushika moto na kuchafua bidhaa, hivyo kitenganishwe na kiwe na mfumo wake wa kuvuta vumbi.

Hitimisho

Inapendekezwa kwamba viwanda vinavyoanza vinunue vituo vya msingi kwanza, viache nafasi sakafuni na kwenye nyaya kwa vituo vijavyo, na vidai katika mkataba wa ununuzi muda wa kubadilisha bidhaa uandikwe kwa dakika, ukihesabiwa kutoka taulo nzuri ya mwisho ya aina moja hadi taulo nzuri ya kwanza ya aina nyingine. Mashine isiyo na kipimo hicho katika mkataba wake isinunuliwe, hata kama kasi yake inavutia, kwa maana hasara ya kusimama kwake italipwa dukani na binti anayehitaji taulo kila mwezi.