Jengo Lako Linakula Stima Saa Ngapi?



Mwenye jengo akitaka umeme wake mwenyewe, huuliza kwanza: paneli ngapi? Mimi namwomba aanze na saa. Nani anatumia stima humo, na wakati gani?

Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kiliweka paneli za kilowati 600 juu ya mapaa yake. Zinakifaa kwa kuwa madarasa na ofisi hutumia umeme mchana, jua likiwaka. Sasa tazameni jengo la kawaida la soko letu la Mwala, Ukambani: chini bucha, kinyozi na kinu cha unga, juu, lojingi. Friji ya bucha hailali. Mota ya kinu, inapowashwa, huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko ikishashika kasi, na inveta iliyopimwa kwa wastani tu huzimika palepale. Usiku wageni wanaoga: shawa kumi za stima, kila moja kilowati 5, zikifunguliwa pamoja ni kilowati 50, gizani. Kununua betri za kubeba mzigo huo ni kutupa pesa. Maji yapashwe moto na jua mchana, yakae kwenye tangi lisilopoteza joto. Hesabu ya umeme itashuka sana kabla hujanunua paneli hata moja.

Mapaa yetu yana bahati. Mwala iko nyuzi moja na kitu kusini mwa ikweta; Juni jua hupita kaskazini, Desemba kusini, kwa hiyo pande zote mbili za mabati zinafaa kama mteremko si mkali. Kilowati moja ya paneli huhitaji takribani mita 5 za mraba. Ila msipime kwa jua la Februari. Pimeni kwa Julai, mawingu ya baridi yanapofunika Ukambani.

Jambo moja linaniuma. Watu huuziwa inveta inayotegemea gridi bila kuambiwa kwamba stima ya Kenya Power ikipotea, nayo hujizima, ili umeme usimpige fundi aliye kwenye nguzo. Agosti 25, 2023, nchi karibu nzima iliingia gizani usiku. Kesho yake jua lilichomoza, na palipokuwa bado hapajarudi stima, mitambo ya aina hiyo ilibaki kimya. Bucha inahitaji inveta yenye betri, walau za friji na taa. Jenereta ya dizeli ibaki ya dharura.

Msidanganywe pia na ziada ya umeme wa paneli. Sheria ya Nishati ya 2019 inaruhusu mtambo usiozidi megawati 1 kuiingiza kwenye gridi, lakini kwa kanuni za 2024 kila uniti unayotoa inakurudishia nusu tu. Paneli ziwe za kutosha matumizi yenu ya mchana.

Kabla ya kutia sahihi, someni mita kila saa kwa wiki nzima, siku ya soko ikiwemo. Kisha fundi, mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, awaandikie ni vifaa gani vitaendelea kufanya kazi stima ikipotea, na kwa saa ngapi.